Jumatano za Juu ya Duka la Mapazia

Habari ya kifo cha Direk ilinikuta Izki, ndani ya gari, chai ya maziwa mkono mmoja na sambusa mkono wa pili, mkao ambao hauna adabu ya kupokelea msiba. Aliyeniandikia ni Luz, dada yake, nesi aliyefanya kazi Ibra miaka mingi kabla hajarudi kwao Ufilipino. "Kaka amefariki asubuhi. Hakuteseka." Nikaiweka sambusa juu ya dashibodi, nikausoma ujumbe mara ya pili. Kabla sijafika Nizwa uliingia mwingine, huu wa vijana wa klabu ya filamu ya pale mjini. Wanataka kuonyesha ile filamu aliyoipiga Ibra, na wananiomba niseme machache kabla taa hazijazimwa, "kwa kuwa wewe ni mwanaharakati uliyesimama naye bega kwa bega". Nimeandika makala magazetini zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nalijua neno lililowekwa kwenye sentensi kwa pambo. Nilisimama naye, ni kweli. Nilisimama kama anavyosimama mtu katikati ya mlango, wa ndani asitoke na wa nje asiingie. Vijana nimewajibu kwamba nitakuja. Haya ninayoyaandika hapa ndiyo ambayo sikuwa na uhakika kama nitaweza kuyasema nikiwa nimeshika kipaza sauti.

Mwaka ule wa filamu nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nina shahada ya fasihi ya Kiingereza na sina kazi. Nilikuwa nangoja kuajiriwa, na kungoja huko kulinipa wakati mwingi wa kuwaonea watu huruma. Wikendi yetu bado ilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Tulikaa Ibra, katika nyumba ya Ami Seif, ndugu yake baba, mtu mpole aliyeshinda majlisi, ukumbi wetu wa wageni, na gazeti lake na redio yake ya Kiingereza. Mambo ya ndani yote alimwachia Mama. Jikoni alikuwepo Mwanaidi, mwanamke wa Tanga mwenye miaka arubaini na kidogo, aliyekuja kwetu kwa mkataba wa miaka miwili na sasa yumo katika mwaka wa nne. Sisi tuliokulia katika Kiswahili tulikuwa na fahari yetu juu ya jambo hili. Majirani zetu wasiojua ila Kiarabu, tukisema, wanawaita watumishi kwa kupiga makofi; sisi twamwita mwanetu. Mwanaidi alikula nasi sinia moja. Mama alimtilia nyama kwa mkono wake, akamwambia "Kula, mwanangu, umekonda", na akisema hivyo alisema kwa moyo wake wote. Ilinichukua mwaka mzima kuona kwamba kwenye sinia ile Mwanaidi alikaa kila siku upande wa mlango, na kwamba maji yakisha hakuna mwingine aliyewahi kuinuka. Siku ya mapumziko hakuwa nayo. Likizo hakuwa nayo. Ungemuuliza Mama angekushangaa: mtu hupewa likizo kwao?

Direk alikuja Ibra kumtembelea dada yake. Jina lake halisi alikuwa nalo, lakini Wafilipino wote walimwita Direk, ndivyo wanavyomwita mtengeneza filamu kwao, kama sisi tunavyosema Maalim. Alikuwa mtu mfupi, mwenye taulo dogo begani, anayevaa ndara hata akialikwa. Kwao alipiga filamu pamoja na watu wanaovunjiwa vibanda, na siku ya kuvunjiwa aliweka kamera chini akakaa nao mbele ya tingatinga. Alikuwa ameshafungwa mara mbili. Alilisimulia jambo hilo kama mtu anayesimulia mafua. Wenye majumba ya sinema walipozikataa filamu zake alizionyesha barabarani, kwenye shuka. Dada yake alimwita Ibra apumzike. Baada ya wiki mbili alikuwa ameshawakusanya wafanyakazi wa nyumbani sebuleni kwa Luz, Wafilipino, na wawili watatu wa Tanzania na Kenya, wakawa hawaelewani. Luz, aliyenijua kutoka hospitali nilikokuwa nikimpeleka Mama, akaniomba niwatafsirie.

Ibra ina soko la wanawake kila Jumatano asubuhi, soko ambalo mwanamume haingii. Hapo ndipo tulipopatia mwanya. Nilimwambia Mama nakwenda na Mwanaidi sokoni, na kweli tulikwenda. Tulinunua vitu kwa haraka kama wezi, udi, kitambaa cha kanzu, pilipili, kisha tukapanda ngazi za nyumba ya Luz, juu ya duka la mapazia. Direk alitaka sana kuliona soko lile. Alisimama nje na mwavuli akitusubiri, na wanawake wa Kibedui waliovaa barakoa wakamcheka mpaka wakakaa chini. Sebule ya Luz ilikuwa na zulia la kijani, picha za watoto waliokua bila yeye, na harufu ya samaki mkavu ambayo mwenye duka la mapazia aliilalamikia mpaka baladia, kwa watu wa manispaa. Siku ya kwanza Mwanaidi alisimama mlangoni, akavuta pumzi.

"Papa huyo!" akasema. "Bi Zuwena, kumbe hawa ni watu wetu."

Direk alikuwa na kanuni mbili tu. Ya kwanza, hakuna anayejiigiza mwenyewe: aliyetumwa anaigiza anayetuma, na anayetuma anaigiza aliyetumwa. Ya pili aliiandika kwa wino mwekundu na kuibandika kwenye friji, na mimi ndiye niliyeitafsiri: kwanza shida, halafu kamera. Mtu akisema shida yake pale zuliani, kabla kamera haijawashwa lazima mmoja wetu aibebe shida hiyo. Jina lake linaandikwa daftarini, na Jumatano ijayo anatoa jibu. Luz alibeba ya msichana aliyeumwa jino. Shemeji yake Direk, mume wa Luz, fundi wa viyoyozi, alibeba ya mwanamke aliyelala kwenye chumba kisicho na dirisha. Alikwenda kwa tajiri wa mwanamke yule kama amekwenda kutengeneza kiyoyozi, akakiharibu kwanza ili apate sababu ya kurudi. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi juu ya sanaa na umma. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona umma umekaa, unamenya mayai ya kuchemsha, unauliza nani atakwenda.

Ilipofika zamu yetu, katika mwezi wa Shaabani, mimi nilikuwa mtumishi na Mwanaidi akawa mwenye nyumba. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akajitupia kanga begani sawasawa na Mama, akanyoosha miguu.

"Zuwena mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Kula tena. Hapa nyumbani, huombi ruhusa." Akajikuna kiwiko, kama Mama. "Ukimaliza, zile kanzu za Ami zipigwe pasi. Na wageni wa Sur wanakuja, sijui saba, sijui kumi na saba, utajua mwenyewe."

"Mama, nilitaka kusema, ile habari ya kwenda kwetu..."

"Kwenu wapi tena?" Mwanaidi akajishika kifua. "Wallahi umenichoma! Hapa si kwenu? Nani kakufanyia ugeni, mtaje jina hapa hapa!"

"Hakuna, mama."

"Basi khalas. Lete chai."

Wakenya walikuwa wameanguka kwa kicheko. Nilipowatafsiria Wafilipino wakacheka wao, halafu mmoja wao, mtu mzima, akaacha kucheka akaanza kulia. Mimi nilibaki nimesimama na sinia tupu. Nilikuwa natafuta jibu la kumpa mwanamke yule wa kiti cha plastiki, na sikulipata, kwa sababu kila neno lake lilikuwa la mapenzi.

Direk akauliza kama kuna mwenye jibu. Mwanaidi akaitoa ile kanga begani. "Mama hana jibu lake," akasema. "Anayeweza kusema nenda ni Ami. Mwanangu Rehema anaolewa Ijumaa ya pili ya Mfungo Mosi, Ramadhani ikisha. Ameshaiahirisha harusi mara moja kwa ajili yangu, na wakwe hawangoji tena. Lakini mimi nikiingia majlisi nikasema na Ami nimempita Mama, itakuwa kama nimemshitaki. Anatakiwa mtu wa ndani."

Watu wote wakanitazama, nami nikaona raha kutazamwa. "Mimi nitasema naye," nikasema. Walipiga makofi. Luz akanibusu. Direk akaandika jina langu daftarini na kulipigia mstari, na Mwanaidi akanishika mkono mbele ya wote, akasema, "Mungu akuweke, mwanangu."

Siku mbili baadaye niliingia majlisi. Ami alishusha gazeti. "Ehe, Zuwena?" Alinitazama juu ya miwani kwa uso ule wake uliokuwa haujapata kumkatalia mtu kitu. Nikasema, "Ami, nikuletee kahawa?" Akasema nilete. Siku ya pili nilimpelekea tena, na ya tatu. Siku ya nne aliniuliza kama ni Mama aliyesema kwamba yeye, Ami, anasinzia mno siku hizi.

Nimejipa sababu nyingi katika miaka hii, maana kazi yangu ni kutafuta sababu na kuzipanga. Niliogopa kuulizwa nimeyajulia wapi, na zile Jumatano zingefichuka. Niliogopa Mama kunikasirikia. Hizo ni sababu za mtoto, na nilikuwa mtoto, ningeweza kusamehewa. Iliyobaki ndiyo sipendi kuiandika. Direk alikuwa amemchagua Mwanaidi awe mhusika mkuu wa filamu yake, na kazi yenyewe ilipangwa baada ya Idi. Mimi nilikuwa mtafsiri wa Mwanaidi. Yeye akiwepo na mimi nipo. Jina langu lingeandikwa kwenye shuka la barabarani katika mji nisioujua. Mwanaidi akenda Tanga, filamu angepewa Mfilipino anayejisemea mwenyewe Kiingereza, nami ningerudi kungoja kuajiriwa. Sikuwahi kulisema hili kwa ulimi, hata peke yangu. Nililijua kama mtu anavyojua maziwa yamechacha, akaacha makusudi kuyanusa.

Jumatano ile nikakaa zuliani, Direk akafungua daftari, akasoma jina langu.

"Nimesema naye," nikasema. "Amekataa."

Mwanaidi hakulia. Alinisogelea. "Amesemaje?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Uongo mfupi una heshima yake. "Amesema tungoje baada ya Hija."

"Kwa hasira?"

"Kidogo."

Basi nikamvisha Ami Seif hasira asiyopata kuwa nayo tangu nimjue, na chumba kizima kikamchukia. Direk akasema atakwenda yeye, akaongee naye kama mtu mzima kwa mtu mzima. Nikamwambia ataharibu, watu wetu hawapendi mgeni aingilie ya nyumbani, tena Ami Kiingereza hakipendi. Ami, ambaye alisoma shule ya Waingereza Unguja na akimsahihisha mtangazaji wa redio! Direk alikuwa mgeni, na mgeni mwenye adabu humwamini mwenyeji wake. Akafunga daftari. "Basi hili ndilo tutakalolipiga picha," akasema. Nami nikaandika maneno hayo katika kijitabu changu, nikaona ni maneno mazito.

Ramadhani nzima Mwanaidi alikaanga sambusa huku akiiendesha harusi kwa simu. Dada yake ndiye atakayekaa mahali pa mama wa biarusi. Udi aliutuma kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Mama alimpa kanga mbili mpya na chupa ya mafuta mazuri ampelekee Rehema, na alizifunga mwenyewe kwa utepe. Nakumbuka jinsi alivyoutia utepe ule mafundo mawili ili usifunguke njiani. Alijua Mwanaidi angetaka kwenda. Alisema, "Na mimi ningetaka," akahuzunika kikweli, kisha akauliza kama chachu ya mkate wa mofa imeumuka.

Ijumaa ya harusi tulikuwa na wageni kutoka Sur. Direk alikuwa ameniazima kamera ndogo nijifunze, na niliposhuka jikoni niliikuta picha imeshajipanga yenyewe. Mwanaidi amegeukia jiko, simu ameibana baina ya sikio na bega, mkono unageuza wali. Nikasimama mlangoni, nikawasha. Kwa mbali, ndani ya simu, zilisikika ngoma, halafu vigelegele. Mkono ukasimama. Na Mwanaidi akajibu kigelegele kile, kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayembembeleza mtoto, ili wageni wetu wasimsikie. Mara Mama akaita kutoka ndani, "Mwanaidi, maji, mwanangu!" Akaiweka simu juu ya gunia la mchele bila kuikata, akachukua jagi, akanipita mlangoni bila ya kunitazama usoni. Mimi sikumfuata, wala sikumpokea jagi. Niliibakiza kamera juu ya simu ile iliyokuwa inaendelea kupiga vigelegele peke yake kwenye gunia. Nilizuia pumzi ili picha isitikisike. Nilikuwa na furaha.

Mliowahi kuiona filamu ile mnalikumbuka gunia. Nimesoma watu wameliandikia kurasa. Direk alimwomba Mwanaidi ruhusa ya kuiweka picha, na Mwanaidi alisema iwekwe, Rehema apate kujua siku ile mama yake alikuwa wapi. Jina langu limo mwishoni, kwa kazi ya kamera ya ziada na utetezi wa wafanyakazi. Hayo ya utetezi aliyaongeza Luz, kwa wema.

Lakini siku nilipompelekea mkanda, Direk hakusema nilichotaka kusikia. Aliutazama mpaka pale kwenye vigelegele, akazima. Nikamwambia bado, kuna simu juu ya gunia, ndiyo kilele. Alikuwa anatafuta ndara zake. "Nyumba yenu ni ipi?" akauliza. Nikamwambia itaharibika filamu. Nilisema hivyo, kwa maneno hayo hayo. Akanijibu, bila ukali, kwamba filamu imeshaharibika tangu siku aliyokubali yeye kutokwenda kwa Ami.

Ami alimpokea kama tunavyopokea watu: tende, halua, kahawa. Mimi nilikaa pembeni kwa jina la mtafsiri, sina la kutafsiri. Direk alieleza kwa Kiingereza chake cha moja kwa moja. Ami akasikiliza, amelaza gazeti mapajani. Direk alipomaliza, Ami akavua miwani.

"Lakini, bwana," akasema, kwa Kiingereza kisicho na mkwaruzo, "mimi hakuna aliyeniuliza."

Direk hakunigeukia. Alikishika kikombe chake kwa mikono miwili akakitazama ndani. Ningependa angenigeukia. Ami akamwita Mama. Mama akaja na kopo la halua tupu ambamo pasi zote za kusafiria za nyumba zilikaa, na pasi ya Mwanaidi ilitoka ya tatu. Mama alikuwa anafuta machozi, anasema laiti angejua jambo lina uzito hivi. Tangu Direk kuvua ndara mlangoni mpaka pasi kuwekwa juu ya zulia, kahawa ilikuwa haijapoa. Ami akasema tiketi ni juu yake, akenda hata wiki hii, amkute japo mwanawe angali mwali ndani ya nyumba. Wakati huo Mwanaidi akaingia na birika la pili, Ami akamuuliza kwa Kiswahili:

"Mwanaidi, wewe ulimtuma nani aje aniambie?"

Birika lilikuwa mkononi mwake. Alimmiminia Direk, akammiminia Ami, akageuka kwangu akanimiminia na mimi, mpaka kikombe kikajaa kiasi chake, hakikuzidi.

"Sikumtuma mtu, Ami," akasema. "Nilikuwa naona haya."

"Haya ya nini, mwanangu?" Ami akatikisa kichwa, akashika tena gazeti lake.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa ameshaanza kuosha vikombe, vile vidogo visivyo na mkono, anavipanga kifudifudi juu ya kitambaa. Nilikuwa nimetayarisha maneno ukumbini, mazuri, yana mwanzo na mwisho. Nikaanza, akaniinulia mkono wenye povu.

"Ungeniambia tu kwamba unaogopa," akasema. "Ningekwenda mwenyewe."

Alisema kama mtu anayetoa hesabu ya chumvi. Nikachukua kitambaa cha kukaushia nikaokota kikombe kimoja, nimsaidie, mara yangu ya kwanza kwa miaka minne. Akanitoa kile kitambaa mkononi taratibu, akakishika kikombe kabla sijakiachia.

"Wacha, Bi Zuwena," akasema. "Utakivunja."